Ramli ya Mchanga na Vijiti vya Wachina: Matini Imo Mikononi mwa Nani?

Neno ramli lina bahati mbaya katika taaluma ya Kiswahili. Kamusi hulieleza kwa maneno machache, wahakiki hulipita mbio wanapowataja waganga wa riwaya na tamthilia, na katika usemi wa kila siku kupiga ramli kumekuwa sawa na kubahatisha. Hata hivyo, katika visiwa vya Lamu, Manda na Pate, kama kwingineko katika upwa wa Waswahili, ramli haikuwa kubahatisha. Ilikuwa elimu yenye kanuni, istilahi na vitabu vyake, nayo iliambatana na falaki katika kuchagua siku ya safari, ya ndoa au ya kuanza ujenzi. Elimu hiyo inastahili kuingia darasani, si ili iaminiwe, bali ili ijulikane jinsi ishara inavyogeuzwa kuwa maana, na jinsi maana hiyo inavyoweza kumponza binadamu.

Asili ya neno ni Kiarabu, na maana yake ni mchanga. Mpiga ramli hutia nukta mchangani, safu 16, bila kuzihesabu. Kisha huziondoa mbili mbili: safu iliyo witiri huwakilishwa kwa nukta moja, na iliyo shufwa kwa nukta mbili. Kila safu nne huunda umbo moja, na maumbo yanayoweza kupatikana ni 16 tu. Maumbo manne ya kwanza huitwa mama. Kutokana na hao hupatikana mabinti wanne, kisha wajukuu wanne, kisha mashahidi wawili, na mwisho hakimu mmoja; jumla yake ni 15. Umbo lenye nukta moja moja huitwa kwa Kiarabu tariq, yaani njia, na lenye nukta mbili mbili huitwa jama'a, yaani kundi. Mswahili aliyezoea maneno tariki na jamaa hayaoni majina hayo kuwa mageni.

Jambo la kuzingatiwa zaidi ni kwamba hesabu hiyo ina njia ya kujisahihisha. Kwa kuwa mabinti hupatikana kwa kupanga upya nukta zile zile za mama, jumla ya nukta za hakimu haina budi kuwa shufwa. Hakimu akitokea na jumla iliyo witiri, msomaji mwaminifu hujua kwamba amekosea, naye hurudi nyuma akahesabu upya. Elimu yenye kipimo cha namna hiyo haiwezi kuitwa bahati nasibu tu.

Udhaifu wa ramli hauonekani vyema hadi ilinganishwe na mfumo mwingine, na kwa mtu wa Lamu mfano wa Uchina hauko mbali. Vigae vya kaure za Kichina vimefukuliwa Manda na Shanga, na katika kisiwa cha Pate ziko koo zinazosimulia kwamba nasaba yao inatokana na mabaharia wa Kichina waliovunjikiwa na chombo. Kulinganisha si kudai kwamba ramli ilitoka Uchina, la hasha. Ni kuangalia jinsi watu wawili walivyolijibu swali moja: kesho itakuwaje?

Wachina wana Yijing, kitabu kikongwe chenye heksagramu 64, yaani maumbo ya mistari sita ambayo kila mmoja ni mzima au umekatika. Mojawapo ya njia za kulipata umbo ni kurusha sarafu tatu mara sita, na mistari ikajengwa kutoka chini kwenda juu. Vijiti vya hekaluni ni jambo jingine, ingawa mara nyingi huchanganywa na hilo. Mwenye haja hutikisa kopo lenye vijiti vya mianzi hadi kimoja kidondoke. Nambari ya kijiti hicho humpeleka kwenye karatasi yenye shairi fupi, aghalabu la mishororo minne, lenye kudokeza kisa cha kale. Katika hekalu la Wong Tai Sin, Hong Kong, vijiti hivyo ni 100, na wafasiri wana vibanda vyao kando ya hekalu. Ubeti ule ule husomwa kwa namna moja kwa anayeuliza habari za ndoa, na kwa namna nyingine kwa mwenye kesi au mgonjwa.

Hapa ndipo tofauti kubwa inapojitokeza. Katika Yijing na katika vijiti, jibu ni matini iliyokwisha kuandikwa kabla ya muulizaji kufika. Mfasiri hawezi kuubadilisha ubeti. Anaweza tu kuufasiri. Muulizaji asiporidhika, huichukua karatasi yake akampelekea mfasiri wa pili, na wa tatu, kisha akapima mwenyewe. Katika ramli, vitabu vipo, na jina la al-Zanati ni mashuhuri miongoni mwa waandishi wake, lakini kitabu hukaa kwa mwalimu. Muulizaji huondoka na neno la mdomo tu, na mchanga hufutwa. Kwa ufupi, ramli inayo mizani ya hesabu, lakini haina mizani ya tafsiri. Hakimu wa nukta anaweza kukaguliwa. Anayemsemea hakimu huyo hakaguliki.

Pengo hilo si la nadharia tupu. Kiswahili cha Tanzania kimezaa istilahi kamili ya kulitaja: ramli chonganishi, yaani ile inayomtaja jirani au ndugu kuwa chanzo cha maafa. Januari 2015 serikali ya Tanzania ilitangaza kuwapiga marufuku waganga na wapiga ramli kutokana na mauaji ya watu wenye ualbino. Katika pwani ya Kenya, Kilifi imeshuhudia wazee wakiuawa kwa tuhuma za uchawi. Jina likishatamkwa, hapana karatasi ya kumpelekea mfasiri mwingine. Ubeti wa kijiti unaweza kusema kwamba njia ina kiza. Hauwezi kusema kwamba kiza hicho kimeletwa na fulani bin fulani.

Wala wasomi wasijione wamesalimika. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba watafiti kutoka Marekani walikuwa wameipata Manda sarafu ya Kichina ya enzi ya mfalme Yongle, aliyetawala tangu 1402 hadi 1424, na ambaye ndiye aliyemtuma Zheng He na merikebu zake. Mara wakatokea watu walioisoma sarafu hiyo kama hati ya kuthibitisha kwamba Zheng He mwenyewe alikanyaga mchanga wa Lamu. Sarafu hupita mikono mingi, na ingeweza kufika kwa mfanyabiashara wa Kihindi, wa Kiarabu au wa Kiswahili. Kuilazimisha itamke jina moja ni kupiga ramli kwa zana za kitaaluma.

Watakuwapo watakaopinga kwa hoja ya dini, na hoja yao ina uzito. Katika tafsiri ya Kurani ya Sheikh Ali Muhsin al-Barwani, aya ya 90 ya sura ya tano inakataza kupiga ramli. Lakini hapo pia mwanafunzi wa lugha ana kazi. Neno la Kiarabu linalofasiriwa hivyo linahusu mishale iliyotumiwa na Waarabu wa kale kubashiria, wala si nukta za mchangani. Mfasiri aliteua neno ambalo Waswahili walikuwa wamekwisha kulipanua likabeba aina zote za ubashiri. Upanuzi huo wa maana ni somo la semantiki, na kulisoma hakumtoi mtu katika imani yake. Daktari husoma sumu asiinywe.

Basi idara za Kiswahili zina wajibu mara tatu. Kwanza, ziwatume wanafunzi Lamu, Siyu na Faza kukusanya istilahi za ramli kwa wazee wanaozikumbuka, majina ya maumbo yakiwamo, maana kamusi zilizopo hazijazitosheleza. Pili, somo la uhakiki liichukue ramli kama mfano wa usomaji wa ishara, liulize ni nini kilichomo katika umbo na ni nini kilichotiwa na msomaji. Tatu, mhakiki chipukizi afundishwe kwamba tafsiri isiyoambatana na matini, ambayo msomaji mwingine hawezi kuirudia akaikagua, haina hadhi ya uhakiki.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Waswahili waliandika mengi mchangani, na upepo umechukua sehemu kubwa. Yaliyosalia vichwani mwa wazee yahamishiwe karatasini, ili atakayeyakubali na atakayeyakataa wote wawe na kitu kimoja cha kusoma.