Kinshasa–Goma: Safari ya saa mbili na nusu yageuka ya siku nzima

Kati ya uwanja wa ndege wa Ndjili, Kinshasa, na ule wa Goma pana takribani kilomita 1,560 za anga, safari ya saa mbili na nusu hivi. Tangu waasi wa AFC/M23 walipoutwaa mji wa Goma mwishoni mwa Januari 2025, ndege za abiria zimesita.

Kwa kuwa hakuna barabara ya kutegemewa inayoiunganisha miji hiyo miwili, msafiri hulazimika kuzunguka nje ya nchi yake. Kupitia Kigali moja kwa moja nako hakuwezekani, kwani Februari 2025 Congo iliifunga anga yake kwa ndege za Rwanda. Anayepitia Nairobi huruka karibu kilomita 2,400, kisha 760 hadi Kigali, halafu hupanda basi hadi Rubavu na kuvuka mpaka kwa miguu. Jumla yakaribia kilomita 3,300, na pasi ya kusafiria ni lazima.

Oktoba 30, 2025, mjini Paris, Rais Emmanuel Macron alitangaza kwamba uwanja wa Goma utafunguliwa kwa ndege za misaada. AFC/M23 ililalamika kuwa haikushirikishwa.

Hata hivyo, ndege za misaada hazimbebi mfanyabiashara, mwanafunzi wala anayekwenda kumzika mzazi. Kwao, mji mkuu wa nchi yao umekuwa ng'ambo ya mipaka mitatu, na nauli ndiyo inayoamua nani afike.