Kompyuta Inapokataa Kuiona Kamera

Juma hili twajibu swali la baba mmoja wa Iringo, mjini Musoma. Anayo kamera ya dijitali, na ndani yake zimo picha za harusi ya binti yake. Katika picha hizo yumo bibi yake bi harusi, ambaye sasa ni marehemu, na jamaa hawana picha yake nyingine. Wameiunga kamera na kompyuta kwa waya, lakini kompyuta iko kimya. Wakaitoa kadi na kuijaribu katika kompyuta kuukuu ya jirani. Hapo likatokea swali: je, mwataka kuifomati kadi hii? Jirani akasema wakubali. Baba huyu anauliza kama yafaa.

Haifai hata kidogo. Kufomati ni kuitengeneza kadi upya, kana kwamba haikuwekwa kitu tangu hapo. Kompyuta ikikuuliza hivyo, jibu hapana, kisha uitoe kadi na utulie. Mengine yote yana dawa.

Kwanza tuelewe picha hukaa wapi. Kamera ya kwanza ya namna hii ilitengenezwa mwaka 1975 na Steven Sasson wa kampuni ya Kodak, Marekani. Ilihitaji sekunde 23 kuandika picha moja tu juu ya utepe wa kaseti. Leo mahali pa kaseti pamekaliwa na memori kadi. Basi kamera ni jicho, waya ni njia, na kadi ndiyo sanduku. Njia ikiziba, vitu vya sandukuni havikupotea.

Sasa tutafute kosa, moja moja, tukianza na lililo rahisi.

Kwanza, waya. Ndani ya waya wa USB wa kamera hizi mna nyuzi nne: mbili za umeme, na mbili za kupitishia habari. Lakini baadhi ya nyaya za bei rahisi, zinazouzwa kwa kuchajia simu, zina zile mbili za umeme peke yake. Kwa hiyo mtu asidhani kwamba waya ni mzima kwa sababu unachaji. Atafute ule uliokuja na kamera, au aazime mwingine. Na waya usioingia usiulazimishe, maana makampuni mengine huyapa matundu yao umbo la peke yake, na vijino vya ndani huvunjika upesi.

Pili, tundu la kompyuta. Chomeka flashi katika tundu lile lile. Flashi ikionekana, tundu ni zima. Isipoonekana, jaribu tundu jingine. Katika kompyuta kubwa za mezani yale ya nyuma mara nyingi ni imara kuliko ya mbele. Kukiwa na vumbi, lipulize. Usichokoe kwa sindano.

Tatu, kamera yenyewe. Kamera nyingi sharti ziwashwe ndipo kompyuta izione, na nyingine hutaka kwanza kuwekwa mahali pa kutazamia picha, penye alama ya pembetatu. Betri nayo ijae, kwani kamera nyingi za zamani hazipati umeme wa kufanyia kazi kutoka kwa kompyuta, na betri ikiisha katikati ya kunakili yaweza kuharibu mambo. Tena, katika menyu za kamera nyingi mna sehemu iliyoandikwa USB. Ikiwa imewekwa PTP au MTP na kompyuta haioni kitu, chagua ile nyingine, kisha uchomeke tena. Simu pia zina jambo la namna hii: nyingi huchaji tu, mpaka uifungue simu na kuchagua kuhamisha mafaili.

Yote yakishindikana, acha waya. Zima kamera, toa kadi, uitie katika kisomea kadi, kifaa kidogo ambacho mafundi wengi wa picha wanacho. Kadi kubwa ya aina ya SD ina kifungo kidogo ubavuni. Kisukume upande wa kufunga kabla ya kuiingiza katika kompyuta ya mtu. Kwa kawaida kompyuta itaweza kusoma picha, lakini haitaweza kufuta wala kuingiza virusi.

Sasa, kwa nini kompyuta ya jirani ilitaka kufomati? Yawezekana kadi haina ugonjwa wo wote. Kadi zinazozidi GB 32, kama zile za GB 64, kwa kawaida hupangwa kwa utaratibu uitwao exFAT. Kompyuta kuukuu zenye Windows XP haziujui utaratibu huo mpaka ziongezewe programu yake. Basi kompyuta ikikutana na maandishi isiyoyajua, hudhani kadi ni mbovu. Ipelekeni kadi kwenye kompyuta mpya zaidi kabla ya kuihukumu.

Na kama mtu amekwisha kubali kufomati? Asipige picha nyingine hata moja kwa kadi hiyo. Mara nyingi kinachofutwa kwanza ni orodha tu, na picha zenyewe hubaki mpaka ziandikwe nyingine juu yake. Fundi mwenye programu ya kurudisha mafaili aweza kuziokoa, zote au baadhi.

Picha zikionekana, zinakili, usizihamishe. Fungua chache uone kama ni nzima. Kisha weka nakala ya pili katika flashi, ikae kwa ndugu wa nyumba nyingine, maana moto na mwizi havichagui. Kadi isifutwe kabla ya hapo. Na ile picha ya bibi ichapishwe kwenye karatasi. Anayetoka kijijini katika wilaya ya Bunda au Butiama kwenda mjini kwa kazi hii na abebe kamera, waya, kadi na betri iliyojaa, asije akalipa nauli mara mbili. Picha ya karatasi haitaki waya wala umeme, na wajukuu wataitazama ukutani kila siku.