Nani apewe ufunguo gani katika kikundi chetu cha simu?



Wiki hizi maswali mengi yanayotufikia yanahusu kikundi chetu cha WhatsApp. Kuna dada aliyeingia mwezi uliopita, naye anauliza kwa nini hawezi kumwongeza rafiki yake. Kuna mama anayeuliza kwa nini admini ni watano tu wakati sote tunalipa mchango uleule. Na kuna wengine wanaosema kwa uchungu kwamba wametumika nasi miaka mingi, na sasa wanaona kama hatuwaamini. Neno hilo la mwisho ni zito, na ndilo tunalotaka kulijibu leo.

Tuanze na kitu ambacho kila mmoja wetu anakijua: kasha la AVEC. Mpango huu wa kuweka akiba pamoja ulizaliwa kati ya wamama wa vijiji vya Niger mwaka 1991, kwa msaada wa shirika CARE, na kutoka kule ukaenea Afrika yote hadi kwetu. Kasha lina kufuli tatu. Funguo ziko kwa wamama watatu ambao si wa komite, na kasha lenyewe linalala kwa mama wa nne. Anayeandika kitabu hana ufunguo. Prezida hana ufunguo. Je, kuna mama aliyewahi kulia kwa sababu hakupewa ufunguo wa kasha? Hatujamwona. Sote tunaelewa kwamba wale watatu hawakuchaguliwa kwa kuwa wengine ni wezi. Kufuli tatu zinalinda franga, na zinamlinda pia mwenye ufunguo, kwa sababu siku hesabu isipotimia, hakuna atakayemnyooshea kidole yeye peke yake.

Sasa tuangalie kikundi cha simu. WhatsApp inajua watu wa aina mbili tu: mwanachama na admini. Ukimfanya mtu kuwa admini ili amwingize binamu yake, umempa palepale uwezo wa kuondoa wanachama, kufuta ujumbe wa wengine, kumfanya mtu mwingine admini na hata kuwavua wenzake uadmini. Ufunguo mmoja unafungua kufuli zote tatu. Kwenye kasha tusingekubali jambo hilo hata siku moja.

Na ndani ya kikundi kile mna nini? Mna zamu za likelemba: nani anapokea wiki hii, na kiasi gani. Mna picha za watoto wetu wakiwa na uniforme ya shule. Mna siku na saa ya mkutano, pamoja na nyumba tunamokutania. Mna maneno ya mama aliyetueleza usiku shida ya nyumbani kwake. Mtu mbaya akiingia humo kwa dakika kumi, anatoka akijua mlango gani wa kubisha. Hii ndiyo sababu tunasema kwamba suala la nani anaingia na nani anaweza kufanya nini si la heshima tu. Ni la usalama.

Jumuiya kubwa za intaneti zilikutana na shida hii mbele yetu, na tunaweza kujifunza kwao. Tuchukue Wikipedia, kitabu cha maarifa kinachoandikwa na watu wa dunia nzima tangu 2001, na ambacho kina toleo la Kiswahili tangu 2003. Mlango wake uko wazi: mgeni anaweza kusahihisha kurasa nyingi siku ileile anayofika. Lakini kwenye toleo la Kiingereza, kurasa zilizowekewa ulinzi hawezi kuzigusa kabla ya kumaliza siku 4 na kufanya masahihisho 10. Zile zenye ugomvi mkali zinadai siku 30 na masahihisho 500. Wenye uwezo wa kufuta ukurasa au kumfungia mtu huchaguliwa na wenzao, na kila wanachofanya kinaandikwa mahali ambapo mtu yeyote anaweza kusoma.

Kuna Stack Overflow, ambapo waandishi wa programu za kompyuta wanaulizana maswali tangu 2008. Kule mtu anapata pointi kila wenzake wanapoona amewasaidia. Kwa miaka mingi kanuni yao ilikuwa hivi: ukifikisha pointi 15, unaweza kusifu kazi ya mwingine, kuilaumu unasubiri hadi pointi 125, na ukilaumu jibu la mtu unapoteza pointi moja yako. Wamama, hapo pana hekima. Kusifu waliruhusu mapema, kulaumu wakakuchelewesha na kukuwekea bei. Kama kwenye vikundi vyetu lawama ingekuwa na bei, tungelala mapema zaidi.

Na kuna Discourse, programu inayotumiwa na jumuiya nyingi, yenye ngazi tano, kuanzia sifuri hadi nne. Mgeni hawezi kumwandikia mtu kwa siri. Kwanza asome, aonekane, azoeane na watu. Ngazi ya tatu haishikwi milele: asiyeonekana vya kutosha katika siku 100 zilizopita hushuka mwenyewe, bila kesi na bila aibu. Ngazi ya nne hapewi mtu na mashine. Lazima viongozi wenyewe waamue.

Ukitazama vizuri, wote hao wanafanya kile ambacho wazee wetu walikisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wazee walisema jembe. Hawakusema ufunguo wa ghala. Mtu anaaminiwa kwa kazi ndogo, anaonekana anavyoifanya, kisha anapewa kubwa kidogo.

Hata hivyo, si kila kitu chao kinatufaa. Wao wanampima mtu kwa siku alizoonekana kwenye mashine na maneno aliyoandika. Tukipima hivyo, mama anayeuza mboga tangu alfajiri, ambaye hana mega za kutosha, atabaki chini kila siku. Naye binti mwenye simu nzuri, anayetuma ujumbe 40 kwa siku, atapanda juu yetu sote. Wengine wetu wana simu ndogo ya vitufe ambayo haifungui WhatsApp kabisa, na ni nguzo za chama hiki. Kwa hiyo tuchukue ngazi zao, lakini tupime kwa kipimo chetu: kuhudhuria mkutano, kulipa mchango, kutembelea mgonjwa, kutunza siri.

Jambo la pili ni zito zaidi. Sisi tunamwamini mtu, lakini WhatsApp inaamini namba. Kwenye nyumba nyingi simu ni moja, baba anaishika, mama anaishika, mtoto anachezea jioni. Uwezo ukiuweka kwenye simu ile, umewapa wote wanaoishika. Na mwizi akifaulu kuhamisha akaunti ya mama mmoja kwenye simu yake, anarithi heshima yake yote. Akiandika, "Wamama, niko hospitali, nitumieni dola 20 kwa M-Pesa, nitarudisha kesho," sisi tunasoma jina la dada yetu na kuona picha yake, tunatuma. Kadiri mama anavyoaminiwa, ndivyo mwizi anavyomtafuta yeye zaidi.

Kwa hiyo, baada ya kukaa pamoja, tunawaletea pendekezo la ngazi nne.

Ya kwanza ni mgeni. Analetwa na mwanachama ambaye atamjibia. Anaingia kwenye kikundi cha mazungumzo peke yake. Anasalimu, anauliza, anajibu, anacheka na wenzake. Zamu za likelemba hazioni.

Ya pili ni mwanachama. Mgeni anafika hapo akiisha kuhudhuria mikutano 12, yaani karibu miezi mitatu, na kulipa michango yake. Hapo anaingia kwenye kikundi cha likelemba, na anaweza kuleta mgeni wake.

Ya tatu ni mama wa zamu. Huyu ndiye admini. Mkutano unachagua wawili kwa kila kikundi, kwa miezi mitatu, kisha wanaachia wengine. Wanapokea wageni na kufuta ujumbe mbaya. Ujumbe ukifutwa, WhatsApp yenyewe inaonyesha ni admini gani aliyefuta, na hilo ni jema, kazi ifanyike mchana. Lakini kumtoa mwanachama, mmoja asifanye peke yake. Wakubaliane wote wawili na waijulishe komite siku ileile.

Ya nne ni komite, ambayo inaandika kwenye kikundi cha matangazo. Pale wengine wanasoma tu, ili tangazo la mazishi au la mkutano lisipotee chini ya salamu 100. Mjue kwamba komite haina neno la mwisho juu ya franga. Franga ziko kwenye kasha, chini ya kufuli tatu.

Juu ya ngazi zote tunaweka sheria moja: hakuna ngazi inayompa mtu ruhusa ya kuomba pesa kwa ujumbe. Hata prezida. Ujumbe wa namna hiyo ukija, piga simu usikie sauti yake. Simu isipopokelewa, tuma mtu hadi nyumbani kwake. Na ile kode ya tarakimu 6 ambayo WhatsApp inakutumia, usimpe mtu, hata akisema yeye ni admini. Ndiyo mwizi anayoitumia kuhamisha akaunti yako. Katika mipangilio ya WhatsApp unaweza pia kuweka namba ya siri ya pili. Wenye kuifahamu wawasaidie wengine siku ya mkutano.

Mama anayetumia simu ya mume wake au ya mtoto, tunakuomba usiumie ukiona hukupewa uadmini. Ngazi yako katika chama inabaki ileile. Unaweza kushika ufunguo wa kasha, unaweza kuchaguliwa komite, ukasema neno lako mbele ya wote. Ni ile simu tu ambayo hatuipi uwezo, kwa kuwa haikai mkononi mwako peke yako. Na wewe ambaye simu yako imeibiwa au imepotea, mwambie mama wa zamu saa ileile ili aitoe namba yako kwenye vikundi vyote. Hiyo si adhabu. Ukipata namba nyingine utarudi kwenye ngazi yako, bila kuanza upya kama mgeni.

Tunabaki na jambo la kushuka. Kwetu kupanda ni rahisi kwa sababu watu wanapiga vigelegele. Kushuka ndiko kunakoleta kununiana, hata watu wanaacha kusalimiana sokoni. Dawa yake ni zamu. Kama kila mama wa zamu anajua tangu siku ya kwanza kwamba baada ya miezi mitatu atarudisha ufunguo, basi kurudisha hakuna aibu ndani yake. Hata aliyefanya vizuri sana arudishe. Tukianza kumwacha mmoja kwa sababu anajua kazi, atakayefuata akiondolewa atauliza amekosa nini.

Tukirudi kwa wale wanaohisi kwamba hatuwaamini, jibu letu ni hili. Tunawaamini, na ngazi hizi zinatuhusu hata sisi tunaoandika hapa. Tunataka imani yetu iwe na mlango unaofungika, ili siku mwizi atakapokuja na jina la mmoja wetu, asikute kila kitu wazi.

Pendekezo hili bado si sheria. Litasomwa kwenye mkutano ujao, na kila mmoja atasema. Je, mikutano 12 ni mingi kwa mgeni, au ni michache? Wamama wa zamu wawe wawili au watatu? Na wasio na WhatsApp, nani awafikishie matangazo, kartye kwa kartye? Leteni maoni kwa sekreteri, kwa karatasi au kwa mdomo. Mama asiyejua kuandika amtume mtoto amwandikie, neno lake litasomwa sawa na ya wengine.

Tuonane kwenye mkutano. Muwe na wiki njema.