Utamu wa zeolaiti uko kwenye tundu

Mwandishi, katika makala yako ya zeolaiti sehemu tamu umeipita mbio. Umesema zeolaiti ni kichocheo kinachoharakisha mmenyuko, basi. Asidi ya kawaida nayo huharakisha! Siri ya ZSM-5, zeolaiti ambayo kampuni ya Mobil waliipatia hataza Marekani mwaka 1972, ni vijitundu vyake vya upana wa nanomita 0.55 hivi. Ndani humo molekuli za zailini za aina tatu hugeukageuka, moja kuwa nyingine. Ile ya para, nyembamba, huchomoka upesi, ndugu zake wanene wakibaki wanahangaika hadi nao wageuke para. Na para ndiyo inayotakiwa kwa poliesta, pengine hata ya hilo shati ulilovaa.

Adui wa kichocheo hiki ni masizi. Kaboni huziba njia, kichocheo huchoka, na kiwandani hulazimika kuichoma kwa hewa ndipo kirudi kazini. Mwanakemia Ryong Ryoo wa Korea Kusini na wenzake mwaka 2009 walionyesha fuwele za ZSM-5 zenye unene wa nanomita 2 tu: safari fupi, molekuli hutoka kabla hazijageuka masizi, kichocheo kinadumu. Kwangu mimi maboresho ni hayo, kuliko kusaka zeolaiti mpya kila mwaka.