Michenzani hakuna lifti, wajukuu ndio wanaobeba

Majumba marefu ya Michenzani, yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964 kwa msaada wa wataalamu wa Ujerumani Mashariki, hayana lifti. Kwa kijana hilo si tatizo. Kwa bibi aliyepooza upande mmoja na anaishi ghorofa ya nne, kila siku ya kliniki Mnazi Mmoja inataka mtu wa kumshusha. Mara nyingi mtu huyo ni mjukuu.

Na kazi haiishii kwenye ngazi. Kuna kumuogesha, kumgeuza kitandani, kumlisha, kukumbuka dawa za presha na sukari, kupandisha ndoo maji yakikatika. Kiswahili kina neno la kazi hii: kuuguza. Lakini anayeuguza akiwa na miaka 13 hana jina. Ataitwa mtoto mwenye adabu, basi.

Pesa kidogo ipo. Tangu Aprili 2016 Zanzibar inalipa Pensheni Jamii kwa wazee wa miaka 70 na kuendelea, hata ambao hawakuwahi kuajiriwa. Ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi. Si jambo la kubezwa. Ila pensheni inamtazama mzee, haimtazami anayembeba. Nyumba za wazee za Sebleni na Welezo zipo, lakini familia nyingi haziwezi hata kulitaja wazo hilo. Radhi za mzee zinatafutwa nyumbani.

Skuli nayo haioni. Kwenye skuli zenye mikondo miwili, mtoto wa mkondo wa mchana anauguza asubuhi na jina lake linabaki safi kwenye rejista. Kinachopotea ni usingizi, homuweki na tuisheni, na hivyo havina rejista.

Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa 1990, ambao Tanzania imeuridhia, unasema kwenye kifungu cha 31 kuwa mtoto ana wajibu wa kuwasaidia wazazi na wakubwa wake wanapohitaji. Wengi wanaishia hapo. Kifungu kina sharti: kulingana na umri na uwezo wake. Sasa nani anapima? Uingereza, sheria ya 2014 imezipa halmashauri kazi ya kukagua mahitaji ya mtoto anayeuguza. Zanzibar haina haja ya kunakili yote hayo. Sheha anajua nyumba ipi ina mzee asiyeinuka. Aulize pia nani anamuinua, na ana miaka mingapi.