Utulivu wa Moyo Haumo Ufukweni

Imeenea siku hizi dhana, tena imeenea hata kwa watu wenye elimu na busara, kwamba moyo hauwezi kutulia mjini. Kwamba mtu aliyechoshwa na honi za daladala, na vipaza sauti vya wachuuzi, na simu isiyokoma kulia mfukoni, hana budi kufunga mizigo akaende Paje, au Lamu, au shamba kwa wazee, akae huko siku kadhaa akitazama maji, ndipo nafsi yake ipate tuo. Dhana hiyo naipinga kwa nguvu zote, kwa sababu ni batili, na kwa sababu inawadhulumu walio wengi.

Nianze na dhuluma yake. Mama lishe wa Kariakoo, awashaye mkaa kabla ya alfajiri na kuosha sufuria ya mwisho jioni, ataufikia lini ufuko huo wa raha? Kondakta, mchukuzi, muuguzi wa zamu ya usiku, mjane mwenye watoto: hao wote, tukiifuata dhana hii mpaka ukomo wake, wamekwisha kuhukumiwa kuishi na kufa bila ya amani, maadamu hawana nauli wala likizo. Siwezi kusadiki kwamba Mwenyezi Mungu, aliyewapa waja wake pumzi bila ya kuwauliza kipato, ameiweka neema kubwa kama hii mikononi mwa wenye hoteli.

Na ubatili wake u wazi Lamu kwenyewe. Msafiri huvisifu vichochoro visivyopita magari, akadhani ya kuwa wenyeji wamejaliwa utulivu kwa sababu ya ukimya. Na aende basi Matondoni, kisiwani humo humo, kwa mafundi wa vyombo, akitazame chombo kinapotiwa kalafati. Mafundi wamechutama ubavuni mwa jahazi, kila mmoja na patasi yake na nyundo yake, wanasokomeza pamba iliyolowa mafuta katika mianya iliyo baina ya ubao na ubao, na nyundo zinagonga hata mtu hasikii neno la mwenziwe. Kimya hakipo hapo. Lakini mtazame fundi mmoja usoni: jicho lake halibanduki katika mwanya ulio mbele yake, kwani anajua kwamba mwanya mmoja uliosahauliwa utaingiza maji, na watu watakuwa katikati ya bahari. Moyo wake umetua, si kwa kuwa makelele yameondoka, bali kwa kuwa ameukabidhi jambo moja lenye haki ya kushughulikiwa.

Watetezi wa dhana hii hupenda kumtaja Imamu Ghazali, mwanachuoni wa Kiislamu aliyekimbilia faragha. Ndiyo, alitoka Baghdad mwaka 1095, akaiacha madrasa ya Nidhamiya aliyokuwa akisomesha na jaha yake yote, akawa akijifungia katika mnara wa msikiti wa Damascus. Lakini na wayasome mpaka mwisho maelezo aliyoyaandika mwenyewe juu ya maisha yake: humo anakiri kwamba katika miaka ile ya faragha mambo ya ahali na mahitaji ya riziki yalimwandama, yakamchafulia utulivu, asiupate safi ila kwa nyakati, na mwaka 1106 akarejea kusomesha, Nishapur. Fauka ya hayo, itikafu yenyewe, yaani kujitenga kwa ibada, hukaliwa msikitini, na msikiti umo mtaani, baina ya maduka na watoto wachezao.

Watauliza, na simu je? Simu hulia kwa wote, ila haiwatikisi wote sawasawa. Hushtuka yule angojaye kusifiwa kwa picha aliyoirusha, au aogopaye kuona jina la mdai wake kwenye kioo. Mpokonye simu, umpeleke Paje: deni lake halikuzimwa pamoja na simu, na usiku atalala chali macho makavu, mawimbi yakimpigia hesabu ileile aliyoikimbia.

Sisemi kwamba makelele ni halali. Ukumbi unaofungulia muziki usiku wa manane karibu na mgonjwa na mtoto mchanga unafanya jeuri, na serikali ya mtaa ina wajibu wa kuuzuia. Lakini hiyo ni haki ya jirani, nayo idaiwe kwa jina lake. Isigeuzwe kuwa hoja ya kwamba asiyeweza kuhama hawezi kutulia.

Kama kweli twataka watu wa mijini wawe mustarehe, tuwaulize wao wenyewe kinachowakosesha usingizi. Mlinzi wa getini, ambaye mshahara wake haujafika na mwenye nyumba amekwisha kubisha mlangoni mara mbili, hatataja honi. Basi wenye makampuni wanaowapeleka wakubwa wao ufukweni kila mwaka kutafuta utulivu, ilhali mafarashi na walinzi wao hawajalipwa, nawaomba waanze kwa kulipa mishahara hiyo.