Nani Alimsahau Woody Shaw?

Wako waandishi wa mambo ya jazi ambao, wafikapo penye jina la Woody Shaw, hushusha sauti kama watu waingiao matangani. Husema kwamba mpiga tarumbeta huyu wa Marekani amesahauliwa, kwamba hakuthaminiwa. Kisha huhesabu misiba yake: macho yaliyofifia kwa maradhi, ajali ya treni mjini Brooklyn mnamo Februari 1989 iliyompotezea mkono wa kushoto, na kifo chake tarehe 10 Mei mwaka ule ule, akiwa na umri wa miaka 44. Msomaji husikitika, hufunga kitabu, na santuri haiguswi.

Vitenzi hivyo vya kutendwa vina hila. Aliyesahauliwa anaye aliyemsahau; lakini sarufi yaruhusu sentensi ikamilike pasipo kumtaja mtenda, na ruhusa hiyo imetumiwa kupita kiasi. Usahaulifu umefanywa kuwa kama kiangazi, jambo lijalo lenyewe.

La hasha. Shaw hakuwa mtu wa uchochoroni. Alikuwa hajatimiza miaka 21 tungo zake tatu zilipoingia katika Unity ya Larry Young, iliyorekodiwa Novemba 1965. Mwaka 1978 wasomaji wa jarida la Down Beat walimchagua kuwa mpiga tarumbeta bora, na Rosewood kuwa santuri bora ya jazi. Wasikilizaji, basi, wasisingiziwe. Kampuni ya Columbia, iliyoitoa Rosewood, ilifika naye hadi United ya mwaka 1981, wakaachana. Mwaka uliofuata ikatoa santuri ya kwanza ya kijana Wynton Marsalis, fundi wa kweli asiyestahili lawama hapa. Mwenye duka akiiondoa bidhaa dirishani, haisemwi kwamba bidhaa imejificha.

Ushahidi mzito zaidi ni Bemsha Swing. Shaw aliipiga mbele ya watu mnamo Februari 1986 katika Baker's Keyboard Lounge, Detroit, ukumbi ambao hata meza yake ya vinywaji imechorwa vibao vya piano. Piano ilipigwa na Geri Allen, besi na Robert Hurst, ngoma na Roy Brooks, wote watatu waliokulia mji ule. Rekodi ikatolewa na Blue Note mwaka 1997. Miaka 11! Mwenyewe alikwisha lala kaburini miaka minane.

Yuko atakayejitetea kwamba rekodi za ukumbini ni makombo ya studio. Hoja hiyo ingefaa muziki uliokwisha andikwa wote. Katika jazi, kinachobuniwa papo hapo ndicho kazi yenyewe, kama vile malenga wa malumbano apimwavyo uwanjani wala si chumbani kwake. Tena hawa ni wanne tu. Hapana saksafoni ya kumpokea mpiga tarumbeta midomo ichokapo. Kosa lake halina pa kujificha.

Na asikilizwe katika wimbo ulioipa rekodi jina, tungo ya Thelonious Monk na Denzil Best. Ni tungo fupi mno, yenye mapigo manne kwa manne katika vipande 16, na fungu lake la tatu hurudia tuni ile ile likiwa limepandishwa kama kutoka do hadi fa. Mruko huo wa do hadi fa ndio Shaw aliojengea lugha yake yote. Kwa mpiga piano ni jambo la kunyoosha vidole. Tarumbeta ina vali tatu tu. Midomo ndiyo itafutayo sauti ilipo, na miruko ya namna hiyo ikifuatana kwa kasi huteleza hata kwa mabingwa. Lugha ambayo McCoy Tyner aliijenga juu ya piano, Shaw aliihamishia katika chombo kisichoipenda, na akaisema bila kigugumizi. Jambo hili ndilo lipaswalo kuandikwa kwanza katika habari zake, kabla ya hospitali na treni.

Atakayesikia humo huzuni ya mtu aliyekaribia mauti atakuwa amesikiliza tarehe. Ajali ilikuwa bado miaka mitatu. Kule Detroit mkono wa kushoto ulikuwa mzima, umeishika tarumbeta, na Brooks alikuwa nyuma yake akiichochea ngoma.